Amesaini Hadi 2028? Hongera Yake

Nimeisoma tena wiki hii kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki wa rali hapa Kampala, imeandikwa kwa uhakika wa mtu aliyeushika mkataba mwenyewe: "Verstappen haendi popote, amesaini hadi 2028. Mjadala umefungwa." Ni yule dereva wa Red Bull kwenye Formula 1. Banange! Kazi yangu ni mikataba ya wachezaji na madereva. Naisoma, naiandika, na ikiharibika naipeleka Mahakama Kuu, kitengo cha biashara. Basi niseme mara moja nipumzike: mwaka unaotajwa kwenye tangazo la timu haufungi kiti cha mtu yeyote.

Tarehe 31 Agosti 2023 timu ya Mercedes walitangaza kwamba madereva wao, Hamilton na Russell, wako nao hadi mwisho wa 2025. Tarehe 1 Februari 2024, miezi mitano tu, Mercedes haohao wakatangaza kwamba Hamilton ataondoka msimu ukiisha. Hakuvunja chochote. Taarifa yao wenyewe ilisema ametumia haki ya kujitoa iliyokuwamo ndani ya mkataba uleule waliousherehekea Agosti. Upande wa timu nako ni hivyohivyo: Juni 2024 Red Bull walimwongezea dereva wao Pérez miaka miwili, na Desemba ya mwaka huohuo wakaagana naye.

Nadhani kosa hili tumelitoa kwenye soka. Tumezoea dirisha la usajili, ada ya uhamisho, klabu inayomiliki mchezaji hadi siku ya mwisho. Formula 1 haina dirisha. Dereva anaweza kutangazwa Februari au Desemba, au akabadilishwa katikati ya msimu. Kwa hiyo ukinijia na swali "mkataba wake ni wa miaka mingapi?" umeuliza swali dogo kuliko yote. Niulize hivi: opsheni, yaani haki ya kuamua mkataba uendelee au uishe, iko mikononi mwa nani, na inakufa tarehe ngapi?

Hapa ndipo ninapokosa subira, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua mkataba "wa miaka mitatu". Unaweza kuwa miwili ya uhakika na wa tatu kwa hiari ya timu. Maana yake dereva amefungwa miaka mitatu, timu imejifunga miwili. Geuza opsheni impe dereva, na sasa timu ndiyo inayosubiri huku yeye akizungumza na majirani. Mkataba ni uleule "wa miaka mitatu", hesabu ni ileile, anayefungwa ndiye tofauti. Halafu kuna tarehe. Opsheni haidumu milele: inatakiwa itumiwe kabla ya siku fulani, kwa maandishi, kwa njia iliyotajwa. Siku ikipita, haki imekwenda. Ndiyo maana soko la madereva huchemka katikati ya mwaka, wakati msimu wenyewe haujafika mwisho.

Kwa maandishi, wandugu. Siwezi kuhesabu madereva wa rali waliokaa mbele ya meza yangu wakisema mdhamini aliwaambia kwa simu kwamba mwaka ujao wako pamoja. Mwingine huja na barua kabisa, yenye nembo, inayosema "tutaendelea kushirikiana". Neno "tutaendelea" halijawahi kununua tairi hata moja.

Na wakubwa wanakosea vilevile. Dereva Piastri alikuwa bingwa wa Formula 3 mwaka 2020 na wa Formula 2 mwaka 2021, ngazi zilizo chini ya Formula 1, na bingwa wa Formula 2 haruhusiwi kurudi kule, kwa hiyo 2022 akawa dereva wa akiba wa timu ya Alpine. Tarehe 28 Julai Vettel wa Aston Martin akatangaza kustaafu. Tarehe 1 Agosti Alonso akaiacha Alpine na kuchukua nafasi yake Aston Martin. Tarehe 2 Alpine wakamtangaza Piastri, na siku hiyohiyo Piastri akajibu hadharani kwamba hajasaini na hataendesha kwao. Shauri likaenda kwenye Bodi ya Kutambua Mikataba, inayoamua mkataba upi wa dereva ni halali, chombo kilichoundwa baada ya vurugu za 1991, Schumacher alipotoka timu ya Jordan kwenda Benetton baada ya mbio moja. Ikaonekana Alpine walikuwa na karatasi ya masharti ya Novemba 2021, mkataba kamili ukichelewa kwa sababu idara yao ya sheria ilikuwa imelemewa na kazi. Timu ya McLaren nao walikuwa na mkataba na Piastri wa tarehe 4 Julai 2022. Tarehe 2 Septemba bodi ikasema mkataba halali ni huo wa McLaren. Nikiusoma uamuzi ule, siwezi kuwacheka mawakili wenzangu sana. Nami meza yangu imejaa.

Lakini fuata mnyororo. Ricciardo, aliyekuwa ameandika Julai kwamba yuko McLaren hadi mwisho wa 2023, akalipwa aondoke ili Piastri akae. Alpine, kiti kikiwa wazi, wakamchukua Gasly, ambaye timu yake ya AlphaTauri walikuwa wamemthibitisha kwa 2023 mwezi Juni tu. AlphaTauri wakamweka De Vries. Hesabu mwenyewe ni "mjadala umefungwa" ngapi zilizofunguka kwa kustaafu kwa mtu mmoja.

Leseni nayo haikupi kiti. Leseni kuu ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ndiyo inayohitajika kuendesha Formula 1; kwa kifupi: pointi 40 ndani ya misimu mitatu, na ubingwa wa Formula 2 unazileta zote kwa mkupuo. Drugovich alizipata 2022, Pourchaire 2023. Hakuna aliyepata kiti cha mbio za Formula 1. Leseni ni ruhusa ya kukaa kitini, basi.

"Dereva aliyenyimwa kiti si ashtaki?" Ashtaki. Machi 2015 dereva van der Garde aliipeleka timu ya Sauber mahakamani Melbourne, kwa kuwa walikuwa wamewapa viti Ericsson na Nasr ilhali yeye ana mkataba. Akashinda. Wakakata rufaa, akashinda tena. Akaingia gereji amevaa ovaroli ya Ericsson. Mizunguko aliyoendesha? Hakuna. Akakubali fidia. Mahakama za mfumo wetu, za Uganda zikiwamo, husita sana kumlazimisha mtu afanye kazi na asiyemtaka. Mara nyingi unachopata ni pesa.

Turudi kwa Verstappen, huyo wa 2028. Julai 2025 dunia nzima ya mbio ilikuwa ikihesabu pointi zake kuona kama kifungu cha matokeo kitamruhusu kuondoka, hadi alipotamka mwenyewe kule Hungary kwamba 2026 anabaki. Kama 2028 ingekuwa kufuli, nani angehangaika kumuuliza?

Na vifungu hivyo vya matokeo ndivyo nisivyoviamini, japo naviandika. Upime dereva kwa nini? Pointi ni za gari. Mwenzake wa timu ndiye kipimo kinachosifiwa, ila mwenzake huenda ndiye anayepewa bawa jipya kwanza, au gari limejengwa kwa mtindo wake. Lawson alipewa mbio mbili Red Bull mwaka 2025, kisha akarudishwa Racing Bulls, timu dada. Ningekuwa upande wake ningedai kumi, na hapo pia nisingelala usingizi: De Vries alipewa kumi AlphaTauri mwaka 2023, akaachwa akiwa na pointi sifuri. Mwenzake wa timu Tsunoda, kwenye gari kama lake, alikuwa nazo mbili.