“Ukipasuliwa Mgongo Hutembei Tena”: Dhana Inayowacheleweshea Wagonjwa Tiba, na Nyingine Zinazoandamana Nayo

Katika kliniki ya mgongo kuna sentensi moja ambayo nimeisikia kwa lafudhi zote za nchi hii, kutoka kwa wakulima na kutoka kwa wahadhiri wa vyuo vikuu, na mara nyingine, jambo linaloniumiza zaidi, kutoka kwa wahudumu wa afya wenyewe: kwamba mtu akipasuliwa mgongo hatembei tena. Mgonjwa huitamka huku ndugu aliofuatana nao wakiitikia kwa vichwa, kisha huomba aandikiwe dawa za maumivu na kuondoka. Baadhi yao hurudi baada ya miezi, wakiwa wamebebwa. Ninaandika kwa ajili ya hao, kabla hawajafikia hatua ya kubebwa.

Tuanze na maumbile. Wengi wanaoiogopa meza ya upasuaji hudhani kwamba ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya mgongo, umeteremka hadi mwisho wa kiuno, na kwamba popote daktari atakapopasua ataukuta. Kwa mtu mzima ugwe huishia kwenye usawa wa pingili, yaani mfupa mmoja wa uti wa mgongo, ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kinachoteremka ni kifungu cha mizizi ya neva, tunachokiita mkia wa farasi, ambacho huelea ndani ya maji ya uti wa mgongo kama nyuzi za katani zilizolowekwa. Diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, za kiuno zinazochomoka na kubana neva ni, kwa sehemu kubwa mno, zile mbili za mwisho kabisa. Kwa hiyo daktari anayeondoa kipande cha diski hiyo hayuko karibu na ugwe. Anafanya kazi pingili kadhaa chini yake.

Hatari zipo. Daktari anaweza kujeruhi mzizi mmoja wa neva na kuacha ganzi au udhaifu kwenye mguu mmoja. Anaweza kutoboa utando unaoyashika maji ya uti wa mgongo, yakavuja. Kidonda kinaweza kupata maambukizi. Hayo yote mgonjwa anapaswa kuelezwa kabla ya kutia saini, na asikubali kusaini kama hajaelezwa. Lakini kupooza miguu yote miwili kwa sababu ya upasuaji wa diski ya kiuno ni tukio la nadra sana, na linapotokea, mara nyingi chanzo huwa ni damu iliyokusanyika na kuzibana neva, hali inayoweza kurekebishwa endapo wauguzi na madaktari wataigundua mapema na kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji bila kuchelewa.

Kwa nini basi dhana hii haifi? Kwa sababu karibu kila mtaa una mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo ambaye sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na majirani wamemwona kwa macho yao. Wasichokiona ni mpangilio wa matukio. Kijana aliyeanguka na bodaboda, akavunjika pingili za kifua na ugwe ukapondeka, alipoteza miguu yake pale pale barabarani, kabla hajafika hospitali. Tunapomwekea skrubu na vyuma, lengo huwa ni kuuimarisha mgongo ili aweze kukaa, ageuzwe kitandani bila maumivu makali, aepukane na vidonda vya kulala na maambukizi ya mapafu, na aanze mazoezi mapema. Akitoka hospitali akiwa na mshono mgongoni na miguu isiyosogea, mtaa mzima huhesabu kwamba mshono ndio uliochukua miguu.

Kundi la pili ni la wale waliochelewa. Hawa ndio wanaonikosesha uvumilivu, na hasira yangu haiwaelekei wao bali inawaelekea waliowashauri. Mtu anaanza kujikwaa. Anahisi kama anatembea juu ya sponji, kandambili inamvuka mguuni bila yeye kujua, anashindwa kufunga vifungo vya shati kama tatizo liko shingoni. Familia inakaa kikao na kuamua kwamba mgongo usiguswe. Anapelekwa kwa mkandaji, anavutwa na kukandamizwa, kisha anapelekwa kwa mwingine. Anapofika kwetu hawezi kusimama na mkojo hautoki, na ndipo ndugu wanaposema kwamba sasa wamekubali apasuliwe. Tunampasua, kwa sababu bado kuna la kuokoa, lakini miguu hairudi yote. Naye anaingia katika hesabu ile ile ya waliopoozeshwa na upasuaji, na hadithi yake inamtisha mgonjwa anayefuata.

Ndiyo maana uchunguzi wa kwanza wa mgonjwa wa mgongo haufanywi na mashine. Mimi humwomba avue viatu, atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Humwambia anyanyue kidole gumba cha mguu kuelekea usoni kwake huku nikikikandamiza kwa kidole changu. Humuuliza kama anapojisafisha baada ya haja anausikia mkono wake vizuri. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, zinazofanana, lakini yule ambaye kidole chake kinaushinda mkono wangu na yule ambaye kidole chake kinalegea hawako katika hali moja, wala hawana muda sawa wa kusubiri. Nguvu aliyonayo mgonjwa siku anapoingia chumba cha upasuaji ndiyo inayobashiri, kuliko karibu kitu kingine chochote, nguvu atakayokuwa nayo baadaye. Anayeingia akitembea ana nafasi kubwa ya kutoka akitembea. Anayeingia akiwa amebebwa, nafasi hiyo imepungua sana.

Ipo hali moja ambayo haitaki kikao cha ukoo hata kidogo: ganzi inayozunguka sehemu za siri na makalio, mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, na udhaifu wa miguu, hasa kwa mtu aliyekuwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka miguuni. Huo ni mkia wa farasi uliobanwa. Madaktari wengi hulenga kuufungua ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza, na mapema zaidi ni bora zaidi. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali usiku huo huo.

Sitaki, hata hivyo, kumdanganya msomaji kwamba upasuaji wote wa mgongo una hatari sawa. Wanaobobea katika migongo migumu, yaani migongo iliyopinda sana, iliyowahi kupasuliwa ikaharibika, au iliyokunjwa na ugonjwa tangu utotoni, hufanya kazi pale pale ugwe ulipo, na takwimu zao zinasemwa waziwazi. Utafiti wa Scoli-RISK-1, uliowafuatilia wagonjwa watu wazima 272 katika vituo 15 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, ulionesha kwamba takriban asilimia 22 walitoka hospitali wakiwa na nguvu pungufu za miguu kuliko walivyoingia, na kwamba baada ya miezi sita kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 11. Idadi hiyo ni kubwa, na inahusu upasuaji mgumu kuliko wote. Isitumiwe kumtishia mama mwenye diski moja iliyochomoka. Tena, kupungua nguvu si sawa na kupooza: aliyehesabiwa humo anaweza kuwa mtu ambaye kundi moja tu la misuli ya mguu lililegea kiasi.

Na hatari hiyo haiachwi ijiendee. Kabla ya kuingiza skrubu, daktari hutengeneza njia ndani ya shina la pingili, kisha hupitisha kijiti chembamba chenye kichwa cha mviringo na kupapasa kuta zote nne na sakafu, akitafuta kama kuna mahali mfupa umetoboka. Anapohisi ulaini mahali panapotakiwa kuwa na mfupa, njia hiyo huachwa au hubadilishwa mwelekeo. Wakati wote huo, panapokuwa na vifaa, mtaalamu mwingine hutuma mikondo midogo ya umeme kutoka kichwani hadi miguuni na kuangalia kama mawimbi yanapita. Yakififia, kazi husimama, vyuma hulegezwa, na daktari wa usingizi hupandisha shinikizo la damu. Pasipokuwa na mashine hizo ipo njia iliyoelezwa na madaktari wa Ufaransa, akiwamo Pierre Stagnara, mwaka 1973: dawa ya usingizi hupunguzwa katikati ya upasuaji hadi mgonjwa aweze kuitwa jina na kuambiwa asogeze vidole vya miguu, halafu hurudishwa usingizini.

Kwa migongo iliyopinda kupita kiasi, upasuaji wenyewe huweza kutanguliwa na wiki nyingi za kuvutwa taratibu. Pete ya chuma hufungwa kwenye fuvu kwa pini, uzito huongezwa kidogo kidogo, na mgonjwa huendelea kukaa kwenye kiti na kutembea kwa fremu huku miguu yake ikipimwa kila siku. Hospitali ya FOCOS iliyoko Accra, Ghana, iliyofunguliwa mwaka 2012 na Oheneba Boachie-Adjei, Mghana aliyekuwa ameongoza huduma ya migongo iliyopinda katika Hospital for Special Surgery ya New York, imejijengea sifa kwa kazi ya namna hiyo kwa watoto wa Afrika. Ninamtaja ili msomaji asiamini kwamba ubingwa huu ni wa ng'ambo tu. Hapa Tanzania upasuaji wa mgongo hufanyika, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili imekuwa ikiufanya kwa miaka mingi.

Dhana nyingine nitazijibu kwa ufupi zaidi.

Kwamba daktari bingwa wa mgongo kazi yake ni kupasua, na ukimwendea umekwisha. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuamua nani asipasuliwe. Maumivu ya diski iliyochomoka hupungua kwa wagonjwa wengi ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, mazoezi na subira, ilimradi hakuna udhaifu unaoongezeka. Mtu hafiki kwenye ubingwa huu haraka: ni miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mazoezi kwa vitendo, miaka ya ubingwa wa mifupa au wa ubongo na neva, kisha mafunzo mengine ya mgongo peke yake. Jambo analojifunza kwa tabu zaidi katika miaka hiyo ni kukiweka kisu chini.

Kwamba picha ya MRI ikionesha diski zimechakaa, ugonjwa umepatikana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihusu watu wasio na maumivu yoyote, na yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Tafadhali msiilipie MRI kabla ya kupimwa na daktari kwa mikono. Huu ni ushauri ninaourudia kila siku, na bado watu huja na bahasha ya picha kabla hata hawajaulizwa wanaumwa wapi.

Kwamba mwenye maumivu ya mgongo alale tu kitandani. Siku moja au mbili za kupumzika hazina ubaya, lakini wiki nzima ya kulala hudhoofisha misuli na kurefusha maumivu. Hata kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, utafiti uliofanyika Masan, Korea Kusini, na kuchapishwa mwaka 1973, ulionesha kwamba wagonjwa waliotumia dawa huku wakitembea hawakupata matokeo mabaya kuliko waliolazwa kitandani kwa miezi.

Kwamba kibyongo kinachojitokeza ghafla kwa mtoto au kwa mtu mzima ni kurogwa. Ukiona kibyongo kinachokua pamoja na maumivu, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, fikiria kifua kikuu, ugonjwa ambao Percivall Pott wa Uingereza alieleza madhara yake kwenye mgongo mwaka 1779. Mgonjwa anaweza kuwa hakohoi kabisa. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma, hutumiwa kwa miezi 9 hadi 12 au zaidi kidogo, na wagonjwa wengi hupona bila kupasuliwa kama wakianza kabla pingili hazijaporomoka.

Kwamba mgongo wa binti umepinda kwa sababu ya begi la shule au kukaa vibaya darasani. Mpindo wa upande unaojitokeza katika umri wa kubalehe mara nyingi hauna chanzo kinachojulikana, na begi halimo. Mzazi amwambie binti ainame mbele huku mgongo ukiwa wazi, aangalie kama upande mmoja wa mbavu umenyanyuka kuliko mwingine. Mpindo wa kati ya nyuzi 25 na 40, kwa mtoto anayeendelea kukua, huweza kuzuiwa kwa koti gumu la mgongo: katika utafiti wa mwaka 2013, asilimia 72 ya waliolivaa hawakufikia nyuzi 50, kiwango ambacho upasuaji huanza kuzungumzwa, ukilinganisha na asilimia 48 ya waliofuatiliwa bila koti. Lakini koti hilo huvaliwa saa nyingi kila siku, na likikaa kabatini haliwezi kumsaidia mtoto.

Kwamba vyuma lazima vitolewe baadaye, na kwamba mwanamke mwenye vyuma hawezi kuzaa. Vyuma hubaki maisha yote isipokuwa vikileta maambukizi, vikilegea au vikivunjika. Wanawake wengi wenye vyuma mgongoni hubeba mimba na kujifungua, wengine kwa njia ya kawaida. Kinachoweza kuwa kigumu ni sindano ya ganzi ya mgongoni, kwa sababu mifupa ya eneo hilo inaweza kuwa imeunganishwa. Kwa hiyo mjamzito aliyewahi kupasuliwa aende kliniki mapema na karatasi za upasuaji zinazoonesha ni pingili zipi zilizofungwa, ili daktari wa usingizi azisome kabla ya siku ya uchungu.