Kijiti Hakitembei, Lakini Uvumi Huo Haukuzuka Bure

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukisubiri injini ya boti iwake, nahodha alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba kijiti cha uzazi wa mpango hupanda kutoka mkononi, hupita begani na hatimaye hukaa kwenye moyo. Nimekuwa mkunga kwa miaka 19, na mingi kati ya hiyo nimeitumia kwenye huduma ya mkoba, yaani kuwafuata akina mama waliko, katika makambi ya uvuvi ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Maelezo hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa wachungaji na, Mungu anisamehe, kwa mganga wa zahanati.

Nianze na lililo rahisi. Aina tunazoweka ni mbili. Implanon ni kijiti kimoja chenye urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2. Jadelle ni vijiti viwili. Huwekwa chini tu ya ngozi, juu ya kiwiko upande wa ndani, na mwili hukizungushia utando mwembamba unaokishikilia pale pale. Kinaweza kusogea kidogo, lakini hakifungi safari. Kuhusu ule uvumi mwingine, kwamba kijiti huharibu kizazi, sitapoteza muda: homoni ya Implanon haionekani tena kwenye damu wiki moja baada ya kijiti kutolewa, na wapo akina mama waliorudi kwangu wakiwa na mimba kabla kovu halijafifia.

Zamani niliishia hapo, nikiongeza kwamba kijiti hakihami “kamwe”. Neno hilo nimeliacha. Zipo ripoti, chache mno, za kijiti kilichokutwa kwenye mshipa wa damu wa mapafu, na inaaminika kwamba siku ya kuwekwa kilichomwa ndani ya mshipa badala ya chini ya ngozi. Ni kwa sababu ya hatari hiyo, pamoja na ile ya kujeruhi neva, kwamba maelekezo ya Implanon yalibadilishwa na mahali pa kuchoma pakasogezwa nyuma, mbali na mfereji ulio kati ya misuli miwili ya mkono. Basi hata katika ajali hizo chache kosa ni la mchomaji, wala kijiti hakikuamka usiku na kuondoka.

Linalotokea mara nyingi zaidi ni kijiti kuzamishwa mno. Mama hujipapasa asikipate. Huenda zahanati, mhudumu naye hupapasa asikipate, kisha humwambia: “Sikioni.” Neno hilo moja linatosha. Kama mtaalamu mwenyewe hakioni, kitakuwa kimekwenda wapi? Nilipomdadisi yule nahodha, ilibainika kwamba shemeji yake aliambiwa hivyo hivyo miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyemwambia aende wapi baada ya hapo. Ndiyo maana hunikera sana ninapoketi kwenye vikao vinavyohitimisha kwamba wanawake wa visiwa vya ziwa “wana imani potofu, waelimishwe”. Elimu gani? Mwanamke huyo ana taarifa sahihi kabisa: kijiti kiliingia, na hakuna anayeweza kukitoa.

Kuweka ni kazi ya dakika chache, kwa kuwa kifaa chake hufanya karibu kila kitu. Kutoa ni ufundi. Ganzi ichomwe chini ya ncha ya kijiti, wala si juu yake, kwani ukiichoma juu ngozi hufura na kijiti hupotea vidoleni mwako. Kisha unachana milimita 2 au 3, unakisukuma kutoka upande wa pili, unapasua ule utando taratibu, nacho huchungulia. Kilichozama huhitaji ultrasaundi inayoonyesha vizuri vitu vya karibu na ngozi, na mtu anayeijua mishipa ya mkono. Vyote hivyo viko ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo ni nauli, siku mbili za kuacha dagaa bila kuanikwa, na maelezo kwa mume ambaye pengine hakuwahi kuambiwa kwamba kijiti kipo.

Mwaka 2013 bei ya Jadelle kwa nchi maskini ilishushwa kutoka takriban dola 18 hadi 8.50, na Implanon ikafuata. Lilikuwa jambo jema: katika utafiti wa taifa wa 2022, kijiti kilikuwa kimeipita sindano ya uzazi wa mpango miongoni mwa wanawake walioolewa Tanzania. Lakini kila kijiti kilichoingia kina siku yake ya kutoka, na fomu za mradi nilizojaza miaka hiyo zilikuwa na safu ya waliowekewa tu; waliotolewa niliwaandika pembeni kwa kalamu, na sidhani kama kuna aliyewasoma.

Katika majaribio ya Implanon, karibu asilimia 11 ya watumiaji walikitoa mapema kwa sababu ya damu isiyo na mpangilio. Kwa anayelala kambini, choo kikiwa mbali, matone ya siku 20 si “maudhi madogo” ya kwenye vipeperushi. Hapa nami siko safi. Nimewahi kumwomba mama avumilie miezi mitatu, kwa kuwa kwa baadhi hali hutulia, naye hakurudi tena. Mpaka leo sijui kama nilimshauri au nilimkatalia kwa maneno laini. Vivyo hivyo kadi ya Implanon inaposema miaka 3, ilhali utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba kinafaa hadi 5: ninapomwambia mama kwamba bado kinafaa, nasema hivyo kwa faida yake, au kwa kuwa jua linazama na boti inangoja?

Siku hizi tunasafiri wakati wa mbalamwezi, ambapo taa za dagaa hazivuti kitu na watu wametulia kambini. Wanaotaka kutolewa huitwa kwanza asubuhi, bila kuulizwa sababu zaidi ya mara moja, mwanga ukiwa mzuri na vidole vyangu havijachoka, wanaowekewa husubiri. Wenzangu hulalamika kwamba utaratibu huo unapunguza idadi ya vijiti tunavyoweka kwa siku. Ni kweli, unapunguza.