Mkono wa mkuna nazi

Mtu akiniletea mchoro wake, jicho langu huenda kwanza kwenye kigasha, pale kati ya kiwiko na kiganja. Wengi huchora bomba la maji, kisha wanabandika vidole mwishoni. Nami nilichora mabomba hayo miaka, hadi mchana mmoja hapa Mikindani, shangazi amekalia mbuzi uani anakuna nazi, nikafungua daftari.

Mkunaji hasukumi tu kizio, anakizungusha, na kigasha kizima kinabadilika umbo. Ndani yake mna mifupa miwili. Geuza kiganja juu kama unayeomba dua: imelala sambamba. Sasa kigeuze chini bila kusogeza kiwiko: mmoja umetulia, mwingine umepita juu yake, imekingamana kama mkasi. Uliotulia ni wa upande wa kidole cha mwisho. Uguse: anzia kwenye ncha ya kiwiko, telezesha kidole taratibu, utaufuata chini ya ngozi mpaka kile kinundu kwenye kifundo cha mkono. Unaosafiri ni wa upande wa kidole gumba, na ndio unaobeba kiganja. Kwa hiyo ukichora kiganja kimegeuka na kigasha hakijapinda, mtazamaji ataona kasoro hata akishindwa kuitaja.

Vijana huniomba majina ya misuli. Huwa nawacheleweshea. Kwangu mimi huanzwa na mifupa inayogusa ngozi: mtulinga, ncha ya kiwiko, goti, ugoko. Mtu anenepe, akonde, hiyo haihami. Siku ukienda kwenye feri ya Msangamkuu, tazama miguu ya abiria waliokunja suruali. Kifundo cha ndani kiko juu, cha nje kiko chini. Ukivichora usawa mmoja, umechora mguu wa meza. (Tazama kwa adabu, lakini. Mimi nimeshaulizwa mara mbili ninatafuta nini.)

Uso una kosa lake moja kubwa: macho kuwekwa juu mno. Yako katikati ya kichwa, ukipima toka utosini hadi kidevuni. Paji la uso na nywele hula nafasi kuliko tunavyodhani.

Siku ile nilijaza kurasa nne za vigasha. Shangazi alizipekua zote, akanitazama: "Mwanangu, mimi mwenyewe niko wapi hapa?"