Zabibu kavu zina kiu: tambi, mkate wa kumimina na maji ya zabibu

Kwa Kiarabu, zabib ni ile iliyokaushwa. Mbichi huitwa inab. Sisi wa pwani tulichukua jina la kavu tukalipa tunda zima, ndiyo maana hata leo Tanga ukiagiza zabibu za tambi au za mkate, hakuna anayekuletea mbichi.

Zabibu mbichi ina maji karibu asilimia 80. Ikishakaushwa hubaki na asilimia 15 hivi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni sukari. Kwa hiyo zabibu kavu ina kiu. Chochote utakachoichanganya nacho, itakinyonya maji. Makosa mengi ya jikoni yanatoka hapo.

Tuanze na tambi za sukari. Kwa nusu ya pakiti ya gramu 500, zabibu gramu 50 zinatosha. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, ondoa vikonyo, kisha zikaushe kabisa kwa kitambaa, maana zikiwa na maji zitarusha mafuta. Weka vijiko viwili vya samli kwenye moto mdogo, tia zabibu na ukoroge bila kuacha. Baada ya nusu dakika hivi utaziona zinavimba, mikunjo inanyooka na ngozi inang'aa. Ziopoe papo hapo, usisubiri zibadilike rangi. Sukari ya matunda huungua mapema kuliko sukari ya miwa, na zabibu iliyoungua ni chungu kiasi cha kuharibu sufuria nzima. Katika samli hiyohiyo kaanga tambi mpaka ziwe za hudhurungi, tia tui, iliki na sukari, halafu rudisha zabibu tui likishakaribia kukauka. Sukari punguza kijiko kimoja cha chakula.

Mkate wa kumimina ndio unaosumbua watu zaidi. Rojo la mchele ni jepesi, kwa hiyo zabibu ukizichanganya humo zinazama zote, zinagusana na chuma cha moto na kugandia chini. Kuzipaka unga hakusaidii hapa. Hiyo ni mbinu ya keki nzito. Tena zikikaa ndani wakati rojo linaumuka, zinatoa rangi na kuacha mabaka ya kahawia kwenye mkate uliotakiwa kuwa mweupe. Ziroweke kwa dakika 15 kwenye maji ya moto, zichuje, zikaushe. Mimina rojo, funika, na usubiri mpaka juu pajae vitundu na pakiguswa pawe pameanza kushika, lakini bado pananata kidogo. Hapo zipange, kila moja ukiididimiza nusu yake kwa ncha ya kidole. Ndipo uweke makaa juu ya mfuniko. Zabibu isiyorowekwa chini ya makaa hayo hugeuka kijiwe cheusi.

Pilau haina maneno mengi: usizikaange na vitunguu. Zitie wakati wa kupalia makaa, mvuke utazilainisha.

Kwa keki, maji ya machungwa ya Muheza ni bora kuliko maji matupu. Yapashe moto bila kuyachemsha, roweka humo gramu 150 za zabibu kwa nusu saa, zichuje, zikaushe. Ukizitia kavu, zinanyonya maji ya keki yenyewe: kesho yake keki inamomonyoka na zabibu bado ngumu.

Zile za rangi ya dhahabu mara nyingi ni zabibu zilezile, ila zimefukizwa moshi wa kiberiti (salfa) zisiwe nyeusi. Zioshe mara mbili, na mwenye pumu ajihadhari nazo, kwani dawa hiyo huweza kumwamshia pumu.

Unyevu wa hewa yetu ni adui wa kuhifadhi. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwa fundo hautoshi. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Chembe nyeupe ngumu zinazokwaruza meno ni sukari iliyoganda, zinayeyuka kwenye maji ya uvuguvugu. Weupe wenye manyoya na harufu ya uvundo ni ukungu, na hapo tupa zote. Ukiona nyuzi kama za buibui, wadudu wameshataga.

Maji ya zabibu, yaani nabidhi, hutaka gramu 100 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na punje tatu za iliki zilizopondwa. Roweka usiku kucha kwenye friji, asubuhi zifikiche kwa mkono, chuja. Maji hayo yamalize siku hiyohiyo, au kesho yake yakiwa bado kwenye friji. Nje ya friji, kwa joto la Tanga, sukari ile na chachu iliyo kwenye ngozi ya zabibu huanza kuchachuka haraka: viputo vidogo hupanda pembeni mwa jagi, na harufu inakuwa kama ya tembo la mnazi. Ukiviona viputo hivyo, mwaga.