Zamisha Omo Kwanza: Namna ya Kujifunza Sarakasi za Jetiski ya Kusimama

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Kocha, samasoti ya nyuma (ule mzunguko kamili wa kinyumenyume hewani) nitaipiga lini?" Kabla ya kujibu, humwomba mwanafunzi aende taratibu, aachie mafuta, kisha abaki amesimama hadi chombo kitulie kabisa. Wengi huanguka ndani ya sekunde chache. Jetiski, hii pikipiki ya majini, ya kusimama si ile ya kukalia. Bodi yake ni nyembamba, na ikipungua mwendo huanza kuyumba kama ngalawa iliyokatika mrengu. Asiyeweza kuituliza ikiwa majini hana cha kuifanya ikiwa hewani.

Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Chombo hiki hupata nguvu yake yote kwenye maji. Chini ya sitaha kuna pampu inayofyonza maji, impela (panga zinazozunguka ndani yake) inayasukuma, nayo hutoka kwa kasi kupitia bomba la nyuma, kwenye tezi, yaani mwisho wa nyuma wa chombo. Bomba hilo ndilo linalogeuka unapokata kona. Ukiachia mafuta, maji hayatoki, na chombo hakigeuki hata uuvute usukani kwa nguvu zako zote. Sasa fikiria uko juu, pampu inafyonza hewa tupu: huna msukumo, huna usukani. Umebaki na mwili wako na ule mzunguko uliouanzisha kabla tezi haijaachana na maji. Ndiyo maana mtu akitua vibaya, mimi sitazami alivyotua. Namuuliza alifanya nini sekunde mbili kabla ya kuruka.

Kwa hiyo kazi yote ya mwanzo ni mruko mdogo kwenye maji tulivu, bila wimbi lolote. Hapo ndipo ninapokaa na mwanafunzi muda mrefu kuliko popote. Nenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, magoti yamekunjwa, miguu yote miwili imeingia kwenye mikanda yake. Achia mafuta ghafla, na papo hapo hamishia uzito wako mbele, ukikandamiza mkono wa usukani kwa mikono yote miwili. Omo, yaani pua ya chombo, itazama majini. Ndani ya bodi kuna hewa, na pembeni kuna povu gumu la kuelea, kwa hiyo maji hayatakubali kuishikilia; yataisukuma juu kwa nguvu ileile uliyoizamisha nayo. Hapo ngoja. Omo ikianza kupanda, vuta mafuta yote kwa mkupuo mmoja, sukuma sitaha kwa miguu, na vuta usukani kuelekea kiunoni.

Neno "ngoja" ndilo linalowashinda watu. Ukivuta mafuta wakati omo bado inatazama chini, pampu itakupeleka kulekule inakotazama, yaani chini ya maji. (Kuna mchezo mzuri wa kuzamia unaofanywa hivyo kwa makusudi, ila si leo.) Ukichelewa, omo itainuka peke yake, tezi itabaki majini, nawe utakuwa umesimama wima bila kwenda popote. Ukipatia, unahisi chombo chote kikikupa uzito wake kwenye nyayo, halafu uzito huo unatoweka.

Mimi hufundisha jambo hili kwa sikio zaidi ya jicho. Injini yenye maji kwenye pampu hunguruma kwa sauti nzito. Pampu ikianza kunyonya hewa, sauti hupanda ghafla na kuwa kama mlio wa msumeno. Kidole chako kwenye wenzo wa mafuta kinapaswa kulegea pale pale sauti inapobadilika, kwa sababu injini isiyo na mzigo huzunguka kasi kupita kiasi, na baadaye pampu inapokutana na maji tena kwa kishindo, mhimili na impela ndivyo vinavyoumia. Unapotua, subiri ule mngurumo mzito urudi, kisha ongeza mafuta. Nimewahi kumfunga mwanafunzi macho kwa kitambaa, akiwa amesimama nchi kavu, nikamwambia asikilize tu wenzake wakiruka na ataje ni nani aliyevuta mafuta mapema mno. Baada ya muda mfupi alikuwa hakosei.

Mruko ukishakaa, nenda kwenye kubiringika ubavu. Hapa unahitaji wimbi, hata lile unalojitengenezea kwa kuzunguka duara na kulikata. Lipande kwa mshazari, na mdomo wa wimbi ukifika chini ya miguu yako, vuta usukani kuelekea begani upande unaotaka kuzungukia, kisha geuza kichwa. Macho yakitazama maji uliyotoka, mwili utakwama katikati na utatua juu chini. Yakitafuta mahali pa kutua, mabega yatafuata na chombo kitafuata mabega.

Kuhusu chombo, nitasema wazi. Kawasaki ilitoa jetiski zake za kwanza za kusimama mwaka 1973, na Yamaha ikaleta SuperJet mwaka 1990. SuperJet ya injini ya mipigo miwili, ile ya sentimita za ujazo 701, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 140, na bado ni chombo kizuri cha kujifunzia. Ile ya mwaka 2021 imepewa injini ya mipigo minne ya 1049. Ni imara lakini ni nzito zaidi, na kuiinua kwenye maji tulivu ni kazi nyingine kabisa. Wanaopiga samasoti za nyuma kwenye maji bapa hutumia bodi nyepesi za nyuzi za kaboni zenye omo iliyokunjika juu, na injini zilizoongezwa nguvu. Usinunue hivyo kwanza. Bodi nyepesi humfichia mwanafunzi makosa ya kidole chake.

Sasa usalama, na naomba usiruke sehemu hii. SuperJet ile ya mipigo miwili ina urefu wa mita 2.24. Ikisimama kwa omo ndani ya maji, hicho ndicho kina inachohitaji kabla hata hujaongeza nguvu ya anguko. Mimi sifundishi penye maji pungufu ya mita tatu. Vaa helmeti yenye kinga ya kidevu: mkono wa usukani uko mbele ya uso wako, na mimi nilipasuka kidevu kwa sababu nilitua nimenyoosha magoti. Vaa suruali ya neopreni. Maji yanayotoka kwenye bomba la nyuma yana nguvu ya kuingia mwilini na kujeruhi viungo vya ndani mtu anapoangukia karibu na tezi. Nguo ya kawaida ya kuogelea haikukingi. Na kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi kila mara.

Chombo kikipinduka, tazama kibandiko kilicho kwenye tezi. Kina mshale unaoonyesha upande wa kukipindulia. Ukikigeuza kinyume, maji yaliyo kwenye boksi la moshi hutiririka hadi kwenye silinda, na siku yako itaishia kufungua plagi na kuyatoa. Pia fungua kifuniko kila baada ya nusu saa na uangalie ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwenye chombo hiki methali hiyo ni kweli neno kwa neno: lita chache za maji humu ndani hukimbilia nyuma ukiinua omo, nawe utadhani mikono yako imechoka kumbe umebeba mzigo.

Na samasoti ya nyuma? Nikiona mwanafunzi ameruka mara kumi mfululizo kwenye maji tulivu, omo na tezi zote zikiwa juu, huku kidole kikilegea kwa wakati wake kila mara, namwambia sasa twende kwenye wimbi. Analipanda akiwa amelielekea sawasawa, anavuta usukani kiunoni, anatupa kichwa nyuma, anaendelea kutazama nyuma hadi aone maji.