Je, wajua kwa nini Wapolandi hukata jogoo mmoja wakapata wawili?

Mpe mtoto wa miaka sita karatasi na mkasi, umwambie akate majogoo wawili wanaolingana, wanaotazamana, na mti katikati yao. Wa kwanza atatoka mnene kama bata, wa pili atakosa mkia. Sasa chukua karatasi nyingine, ikunje katikati, umwambie akate jogoo mmoja tu na nusu ya mti. Akiikunjua, majogoo ni wawili, wamelingana mpaka kwenye upanga wa kichwani, na mti umesimama mzima kati yao.

Ujanja huo ndio unaobeba wycinanki, sanaa ya kukata karatasi ya vijijini Polandi. Tamka "vichinanki", jina limetokana na kitenzi chao chenye maana ya kukata kitu na kukitoa. (Kwa msomaji wa Arusha, Wapolandi si wageni kabisa. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wao wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi kambini Tengeru, na makaburi yao yapo mpaka leo.)

Sanaa yenyewe ilishamiri katikati ya karne ya 19, karatasi za rangi zenye kung'aa zilipoanza kufika vijijini kwa bei ambayo mkulima aliimudu. Pasaka ilipokaribia, kuta za ndani zilipakwa chokaa upya. Ukuta mweupe ukawa unangoja pambo, na pambo la bei nafuu likawa ni karatasi: nyota, maua, miti na ndege, vikabandikwa ukutani na kwenye boriti za dari. Mwaka uliofuata ya zamani yalibanduliwa, chokaa ikapigwa tena, mapya yakakatwa. Kwa hiyo mtoto hakuhitaji darasa. Kila mwaka aliiona kazi ileile ikianza upya mezani kwao.

Waliokata wengi walikuwa wanawake, na chombo chao kitakushangaza: mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Ni chuma kimoja kilichopindwa, kikubwa, kizito, chenye ncha kali, nao walitumia ile ncha kuchonga manyoya ya jogoo membamba kama uzi. Tazama unavyofanya kazi, lakini. Hauna matundu ya vidole. Unaubana ukate, unaulegeza ufunguke wenyewe, kwa sababu nyuma una mpindo unaofanya kazi ya springi. Mikasi ya plastiki yenye springi wanayopewa watoto wa chekechea hutumia njia hiyohiyo! Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kubana. Kinachomshinda ni kufungua.

Kila eneo lina mkono wake. Watu wa Kurpie, nchi ya misitu kaskazini mashariki mwa Warsaw, hupenda rangi moja tu. Pambo lao maarufu huitwa leluja: mti mrefu unaokatwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara moja, mara nyingi ukiwa na ndege wanaotazamana. Łowicz, magharibi mwa Warsaw, ni rangi tupu: ua jekundu, juu yake dogo la pinki, juu yake dogo zaidi la njano, yote yakishikwa na gundi. Mwaka 2010, kwenye maonyesho ya dunia ya Shanghai, jengo zima la Polandi lilisanifiwa kwa mfano wa karatasi hizo zilizotobolewa.

Mtoto aanze na ipi? Wengi hukimbilia nyota, kwa sababu inapendeza haraka. Mimi naona hapo ndipo wanapokosea. Nyota hutaka mikunjo mitatu, na mikunjo mitatu ni tabaka 8 za karatasi. Mkono wa mtu mzima utakata. Wa mtoto utatafuna. Leluja ina mkunjo mmoja, tabaka mbili tu, mradi usimpe manila. Mpe karatasi nyembamba.

Kabla hajakata, mfungulie na kumfungia ile karatasi kama kitabu, umwonyeshe kwamba mti unasimama kwenye mgongo wa kitabu. Usiiruke hatua hii. Asipoielewa atachora nusu ya mti upande ulio wazi, akate kwa bidii zake zote, na mwisho atashika nusu mbili za mti zisizojuana. Jambo la pili ni kwamba jogoo lazima aguse kitu. Mguu wake ukanyage tawi, au mkia wake ushikane na shina. Mtoto akimzungushia mkasi pande zote, jogoo anaanguka sakafuni na pacha wake anamfuata. Wapo wanaolia hapo. Kuna gundi, lakini ni vizuri zaidi kumuuliza kabla: "Jogoo wako amesimama juu ya nini?"

Mkono wenye mkasi utulie, karatasi ndiyo izunguke. Watoto hufanya kinyume, wakapinda kiwiko mpaka mkasi unawaelekea kifuani. Anayetumia mkono wa kushoto atafutiwe mkasi wa kushoto, maana wa kawaida humfichia mstari anaoukata.

Na akiteleza? Hapa ndipo mkunjo unapokuwa na huruma. Mkasi ukitoka nje ya mstari ukachanja tawi, mchanjo ule unatokea pande zote mbili, mahali palepale, kwa kina kilekile. Kosa lililo upande mmoja huonekana kosa. Likiwa pande mbili, mtu atadhani ni jani. Mtoto aliyekwisha kukata tamaa anaikunjua karatasi na kukuta kitu ambacho hakukipanga lakini kinaeleweka.

Vile vipande vilivyodondoka mezani usivifagie kwanza. Kata vile vyenye umbo la mviringo viwe vidogo vidogo, mpe gundi ya unga uliokorogwa na maji, avipange kifuani kwa jogoo, kikubwa chini na kidogo juu. Mkono wa Kurpie umekwisha. Hapo ameanza ule wa Łowicz.