Mheshimiwa hajakusomeshea mtoto, zile ni pesa zako

Juzi tena, baraza chini ya mwembe, nauliza watu mbunge wenu mnamuamini? Mama mmoja akasimama, "mimi namuamini sana, amenisomeshea mtoto." Jamani. Kwa hii kazi ya elimu ya uraia hilo neno nimelisikia mpaka naliota.

Haya, polepole. Basari yatoka NG-CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge hapa Kenya, na NG-CDF ni kodi, si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu inagawiwa maeneo bunge 290, yaani hata kredo na sabuni unayonunua umo. Kwa sheria mbunge hata si mwanachama wa kamati ya eneo bunge inayogawa hizo pesa, lakini siku ya cheki ndo utamuona mbele, cheki kubwa kama godoro, sura yake kwa tisheti, wazazi wapiga vigelegele. Sasa aliyekosa arudi nyumbani akijua kanyimwa kwa kura yake, aliyepata naye ajiona ana deni, na hakuna hata mmoja anayeuliza hesabu, halafu mnaniuliza mbona wananchi na viongozi hawaaminiani!! Ombi langu ni moja, na najua mmenichoka nalo: ITISHENI ORODHA. Shule gani, shilingi ngapi, wangapi waliomba wangapi wakapata, ibandikwe kwa chifu. Kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki ya kuuliza, wakili wa nini, barua ya ukurasa mmoja na kopi yako igongwe muhuri, bila muhuri watakwambia hawajaiona. Pale nilipoona orodha imebandikwa, waliokosa walinuna kidogo kisha wakauliza fomu zatoka lini tena. Basi.

Lawama nyengine ninazosikia barazani nazipita mbio. "Mbunge hajatuletea zahanati", zahanati ni ya kaunti, muulize gavana na MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti.

"Haonekani matangani, ametutupa." Aje asije, hakuajiriwa kuzika. Kifungu cha 95 chasema atunge sheria, apitishe bajeti, aichunge serikali. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulipita bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana walioupinga wakaingia mpaka ndani ya bunge, kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Nikiwauliza wazee mbunge wenu alikuwa upande gani siku hiyo, kimya, ila alichotoa kwa harambee ya msikiti wanakijua mpaka senti.

"Akituudhi tutamrudisha nyumbani kabla ya kura." Kifungu cha 104 kipo, ndio, lakini 2017 Mahakama Kuu ilifuta vipengele vya sheria ya kukitekeleza, na tangu katiba ya 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyerudishwa kwa njia hiyo. Msidanganyane kwa WhatsApp.

"Kutoa maoni ni kupoteza siku, washaamua." Hii siwezi bisha sana. Watu wanaitwa, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanapewa soda, na hakuna anayerudi kuwaambia maoni yenu tulichukua hili tukakataa lile kwa sababu hii. Mimi hushauri msiondoke kabla afisa aliyewaita hajataja tarehe ya kurudi, na iandikwe kwa minitsi.

Yule mama mwishowe akaniuliza, sasa hiyo barua yaandikwaje? Tukaiandika pale pale nyuma ya ratiba yangu, mistari minne, jina la ofisi, mwaka wa fedha, anachotaka, sahihi. Muhuri alipata Alhamisi. Orodha bado.